Ukinyamaza, Umekubali au Umekataa?

 

Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kupita vyote nilivyowahi kuvileta hapa redioni: biti moja, yaani sifuri au moja, iliyoandikwa ndani ya programu inayoendesha simu uliyoishika. Biti hiyo husaidia kuamua prosesa ya simu ikimbie au ipunguze mwendo. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna swali la haki, na swali hilo hujibiwa bila mwenye simu kuulizwa. Hulijibu mhandisi aliye mbali kabisa na hapa, siku anapoamua kwamba asiyesema lolote ahesabiwe amekubali, au ahesabiwe amekataa.

Tuanze na joto, kwa kuwa joto tunalijua. Pita sokoni Mukuyuni, hapa kwetu Makueni, saa nane mchana mwezi wa Oktoba, mvua ya Novemba ikiwa bado inasubiriwa. Utamwona kijana wa bodaboda ambaye simu yake imefungwa kwenye usukani, jua linaipiga tangu asubuhi, ramani iko wazi, data imewashwa, na mteja anataka kutuma nauli. Anagusa skrini, skrini inaganda. Anagusa tena, inajibu baada ya muda. Atalaumu mtandao, au atasema simu imezeeka. Mara nyingi mtandao hauna kosa lolote. Simu imejipunguza kasi kwa makusudi ili isiungue, na haikumwambia.

Prosesa ni chipu inayofanya kazi kwa mapigo. Ukisikia ina gigahezi mbili, maana yake saa yake ya ndani hupiga mara bilioni mbili kwa sekunde moja. Kila pigo hula umeme, na umeme ukishatumika hugeuka joto. Sasa sikilizeni jambo lenyewe: matumizi ya umeme hupanda sawasawa na idadi ya mapigo, lakini hupanda kwa mraba wa volteji, na mapigo yakiwa mengi chipu hudai volteji kubwa zaidi. Kwa hiyo ukishusha kasi ikawa nusu, na volteji nayo ikakubali kushuka nusu, umeme unaoliwa na mapigo hayo hubaki sehemu moja tu kati ya nane. Kwa mtu anayelipia kuchaji simu kibandani, au anayetegemea paneli ndogo ya sola juu ya bati, hesabu hiyo ina uzito. Ndiyo maana kila prosesa ya siku hizi hupanda na kushuka kasi mara nyingi kwa sekunde, usiku na mchana, bila mtu kuigusa.

Nani huipandisha na kuishusha? Simu zote za Android, kuanzia ile ya bei ya chini kabisa, zimejengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ndani ya kiini hicho mna sehemu inayoitwa cpufreq, na kwa miaka mingi wasimamizi wake wamekuwa Rafael Wysocki na Viresh Kumar. Sehemu hiyo ina kitovu kinachoshika kanuni za jumla. Ina programu za kuamua kasi gani inafaa wakati huu. Halafu ina draiva, nyingi sana, kila moja ikijua namna ya kusema na chipu za aina yake: hii ya Qualcomm, hii ya MediaTek, hii ya Intel. Chipu hazifanani. Moja inaweza kubadili kasi kufumba na kufumbua, nyingine huchelewa. Moja hujipoza yenyewe kwa njia yake, nyingine hungoja kuambiwa.

Kitovu kitajuaje tabia ya kila chipu? Draiva hukiambia kwa bendera. Bendera ni biti: ikiwa moja, imepandishwa, ikiwa sifuri, iko chini. Na katika lugha ya C, ambayo kiini hicho kimeandikwa kwayo, sehemu ya maelezo ya draiva ambayo mwandishi hakuijaza hubaki sifuri. Mtu akisahau, ni sifuri. Mtu akiwa hajui kwamba bendera hiyo ipo, ni sifuri. Draiva iliyoandikwa miaka kumi kabla bendera haijabuniwa nayo hujibu sifuri. Sifuri ndicho kimya.

Basi anayebuni bendera mpya hawezi kukwepa kuchagua maana ya kimya. Ukiingia hotelini hapa kwetu ukaagiza chai bila kusema zaidi, utaletewa ya maziwa. Anayetaka ya strungi, isiyo na maziwa, lazima afungue kinywa. Hiyo ni njia ya kujitoa: jambo linafanyika mpaka useme hapana. Mandazi ni njia ya kujiunga: hayaji mezani mpaka uyaagize. Katika draiva ni hivyo hivyo. Bendera ya kujiunga husema, "Nifanyie jambo hili." Bendera ya kujitoa husema, "Jambo hili mimi usinifanyie." Zote mbili ni biti moja, gharama yake kwa kompyuta ni ile ile, na mtu angeweza kudhani hakuna tofauti. Tofauti iko kwa yule aliyenyamaza.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu kwa sababu kinafundisha kuliko maelezo yangu. Mwaka 2004 iliongezwa bendera iliyopewa jina CPUFREQ_STICKY. Kazi yake ilikuwa hivi: draiva ikijiandikisha, kitovu huijaribu kwa kila prosesa iliyo kwenye mashine. Zote zikishindwa kuanza, kitovu huiondoa draiva, kwa kuwa haina faida. Lakini zilikuwapo mashine ambazo draiva ilijiandikisha mapema mno, prosesa zenyewe zikiwa bado hazijaingizwa kwenye orodha. Jaribio lilishindwa kwa sababu ya mpangilio tu, wala draiva haikuwa na ubovu. Draiva za mashine hizo zilihitaji kusema, "Nikishindwa sasa, msinitoe, nitahitajika baadaye." Zikawekewa bendera ya kujiunga. Uamuzi wa busara kwa siku zile.

Miaka ikapita. Mpangilio wa kuandikisha prosesa ukarekebishwa, shida ile ikaisha. Bendera ikabaki. Si kubaki tu, iliongezeka! Draiva mpya, moja baada ya nyingine, zilikuja zikiwa nayo, ingawa hazikuihitaji hata kidogo. Ukifungua faili la draiva ya namna hii utaona mstari mmoja unaoanza kwa nukta, likifuata neno flags, alama ya sawasawa, kisha majina ya bendera kwa herufi kubwa yakitengwa kwa mstari wima. Mwandishi anayeanza hachukui karatasi nyeupe. Hunakili faili la chipu iliyo jirani, hubadilisha majina, hurekebisha namba, na mstari ule wa bendera huuacha ulivyo, kwa kuwa ulikuwepo na mambo yalikuwa yakienda. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Viresh Kumar aliiondoa kabisa bendera hiyo, akieleza kwamba huenda hakuna tena anayeihitaji, na kwamba wengi walioiweka yaelekea waliinakili tu kutoka kwa wenzao. Miaka 17 kwa biti moja.

Naichukua STICKY kama ushahidi mzito. Watu wengi wakiwa wanajiunga bila kujua kwa nini, kujiunga huko kumeshakufa. "Ndiyo" iliyonakiliwa haina tofauti na kimya. Mbunifu anayejitetea kwamba kila mtu alikubali, mwenyewe aliweka sahihi pale chini, amuulize yule mtu kama aliusoma mstari.

Kisa cha pili kinagusa joto la yule kijana wa bodaboda moja kwa moja. Ili simu ijipoze, draiva ya kasi hujiandikisha kwa sehemu nyingine ya kiini inayosimamia joto, ili ikipata moto iambiwe ishushe kasi. Zamani kila draiva ilijiandikisha yenyewe, kwa mistari ile ile iliyorudiwa faili baada ya faili. Mwaka 2019 Amit Kucheria, mhandisi wa shirika la Linaro, alipendekeza kazi hiyo ifanywe na kitovu, na draiva ipandishe tu bendera ya kusema, "Mimi ni kifaa cha kupoza, niandikishe." Bendera ya kujiunga. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kupoza kuwe kwa kujiunga? Nani hataki simu yake ipoe? Mbona isiwe kwa wote, asiyetaka ajitoe?

Jibu ni kwamba kompyuta za mezani na mapajani tayari zilikuwa na njia nyingine ya kuandikisha upozaji. Kama kitovu kingeziandikisha draiva zote kwa nguvu, zile zingejikuta zimeandikishwa mara mbili, amri mbili zikishindania prosesa moja. Kujiunga kulilinda waliokuwepo. Naukubali uamuzi ule. Lakini una deni, na deni hilo tulitaje waziwazi: mwandishi wa draiva mpya akisahau biti moja, chipu yake, kama haijipozi yenyewe, haitashushwa kasi taratibu inapopata moto. Itabaki ikitegemea ulinzi wa mwisho, ule wa kuzima kifaa chote joto likifika kiwango cha hatari. Mwandishi ndiye aliyesahau, na simu inayozimika katikati ya kutuma pesa ni ya mtu mwingine kabisa.

Cha tatu nitakipitia upesi. Draiva zilitakiwa kutaja muda zinaotumia kubadili kasi, na kulikuwa na thamani maalumu ya kusema muda huo haujulikani. Baadhi ya waandishi waliandika haujulikani kwa sababu kweli hawakuujua. Wengine waliandika hivyo hivyo kwa sababu hawakutaka kasi ibadilishwe yenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa njia waliyoiona ya kukataa. Jibu moja, makusudi mawili, na msomaji hana namna ya kuyatofautisha. Mwaka 2017 Viresh Kumar akaleta bendera ya kujitoa iliyo wazi: anayekataa, aseme anakataa. Tangu hapo asiyejua hakuchanganywa na asiyetaka. Hilo nalipenda sana, kwa sababu sisi wanadamu huwachanganya watu hao wawili kila siku.

Na hapa natoka kwenye kompyuta niingie Makueni.

Mwaka 2016, chini ya gavana Kivutha Kibwana, kaunti hii ilianzisha mpango wa MakueniCare. Kaya iliyojiandikisha ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena kila inapofika. Ulikuwa mpango wa heshima, na kaunti nyingine ziliutazama. Lakini ulikuwa mpango wa kujiunga. Kaya ambayo haikujiandikisha inaweza kuwa ilikataa, ilipima ikaona haina haja. Inaweza pia kuwa haikusikia, au haikuwa na nauli ya kufika kwenye uandikishaji wiki ile, au mama mwenye nyumba alikuwa shambani kwa kuwa mvua ilikuwa imekuja na mvua ya Ukambani haingoji mtu. Kwenye daftari la ofisi kaya hizo zote zinafanana. Zote ni sifuri.

Hospitali hizo hizo zina mfano wa njia ya pili. Zamani kipimo cha virusi vya UKIMWI kilikuwa cha mtu kukiendea mwenyewe. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNAIDS walitoa mwongozo mwingine: mhudumu akipendekeze kipimo kama sehemu ya kawaida ya huduma, na mgonjwa abaki na haki kamili ya kukataa. Kenya ilifuata njia hiyo katika kliniki za wajawazito. Sababu iko wazi kwa namba: bila matibabu, uwezekano wa mama mwenye virusi kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45, na kwa matibabu hushuka chini ya asilimia 5. Mama akinyamaza kwa aibu au kwa kutojua, anayelipa ni mtoto ambaye hana sauti. Hapo kimya kuhesabiwa ndiyo ni sawa, mradi mlango wa hapana uwe wazi na mama auone. Mlango ukiwa wa karatasi tu, mhudumu akapima bila kueleza, huo si mpango wa kujitoa tena, huo ni ulazima uliovishwa kanzu.

Geuza upande wa pili. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua huduma ya mkopo ya Fuliza mwezi wa Januari 2019, mteja alitakiwa kujiunga mwenyewe kabla ya kuvuta pesa asizonazo. Ni sawa, kwa sababu deni huchukua mali ya mtu, na anayetaka kuchukua chako hana budi kungoja neno lako. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019 imesimama hapo hapo: idhini ya mtu kuhusu habari zake lazima itolewe wazi, kwa hiari, kwa tamko au tendo linaloonekana. Kimya hakitoshi. Nyote mnaijua adha ya kukatwa shilingi za salio kwa ujumbe wa kila siku ambao hukumbuki kuuomba. Aliyebuni huduma ya namna hiyo alihesabu kimya chako kuwa ndiyo, akaweka njia ya kutoka mahali ambapo hungeitafuta.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia, kwa draiva na kwa kaunti, ni kuuliza nani amenyamaza na nani atalipia kimya hicho. Kama jambo linamkinga asiyejua, liwe limewashwa, na anayejua vizuri zaidi ajitoe. Kama linamnyang'anya, liwe limezimwa mpaka alitake. Mtaalamu ana uwezo wa kupandisha bendera. Amesoma, ana muda, ni kazi yake. Mwenye simu hana. Basi mzigo wa kusema tumtwike mtaalamu.

Najua wapo watakaonijibu kwamba katika programu za zamani jambo jipya lisiwashwe kamwe kwa wote, kwa kuwa litavunja kilichokuwa kikienda. Hoja hiyo naiheshimu. Ndiyo iliyoshinda kwenye upozaji mwaka 2019. Lakini isiwe kisingizio cha milele. Bendera ya kujiunga ikishapandishwa na karibu kila draiva, wakati umefika wa kuigeuza, jambo liwe la kawaida, na wachache wasiolitaka waseme. Kazi hiyo ni ya kuchosha, inataka mtu apitie faili moja moja na kuuliza kila mwenye nalo. Watu kama Kumar huifanya kwa miaka, na anayefaidika nayo huku Mukuyuni hatawahi kulisikia jina lake. Ndiyo maana nimelitaja leo.

Kuna kesi moja ya dunia nzima inayoonyesha gharama ya kulikosea jambo hili. Mwezi wa Januari 2017 Apple ilituma toleo jipya la programu kwa simu zake za iPhone. Betri za simu kadhaa zilikuwa zimechoka, prosesa ikidai umeme mwingi kwa ghafla betri inashindwa, simu inazimika. Wahandisi wakapata dawa: prosesa ipunguzwe kasi betri inapozeeka. Kiufundi dawa ilikuwa sahihi. Lakini iliwashwa kwa wote, hapakuwa na njia ya kujitoa, na wenye simu hawakuelezwa kwa lugha inayoeleweka. Mwezi wa Desemba mwaka huo John Poole wa kampuni ya Primate Labs akachapisha vipimo vilivyoonyesha simu za aina ile ile zikiwa na kasi tofauti. Watu walikuwa wamenunua simu mpya wakidhani ya zamani imekufa, kumbe ilihitaji betri tu. Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya yuro milioni 25 Ufaransa, na huko Marekani kampuni hiyo ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Miaka miwili baada ya hapo Samsung nayo ililaumiwa kwa programu iliyopunguza kasi ya michezo bila mwenye simu kuweza kuizima, ikalazimika kutoa toleo lenye swichi.

Tazameni sasa Apple ilivyolirekebisha jambo hilo mwezi wa Machi 2018, kwa sababu sijaona mfano bora. Upunguzaji wa kasi ulianza ukiwa umezimwa. Simu ikizimika yenyewe kwa ajili ya betri, hapo ndipo kinga inawashwa. Mwenye simu anaambiwa kwenye mipangilio kwamba imewashwa na kwa nini, na akitaka anaizima. Kimya chako hakihesabiwi ndiyo wala hapana mpaka uwepo ushahidi kwamba unahitaji kukingwa. Ukishapatikana, unakingwa kwanza, unaelezwa, na neno la mwisho ni lako. Nani kati yetu hangependa kaunti, benki na kampuni za simu zimfanyie hivyo?

Jambo hili haliko mbali na sisi. Simu nyingi za iPhone zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, na kuletwa huku ni zile tunazoziita ex-UK, zimeshatumika, na mara nyingi betri zake zimeshachoka kabla hujaziona. Na maamuzi ya kubuni nayo yameanza kusogea karibu. Mwezi wa Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, hapo Machakos. Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua mwezi wa Januari 2013, uko Malili ndani ya kaunti hii hii ya Makueni, na una kituo cha data chenye seva ambazo kila moja lazima mtu aamue ikimbie kwa kasi yote au iokoe umeme.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaounganisha na kuagiza simu za Wakenya. Simu inapojipunguza kasi kwa sababu ya joto au betri, iandike hivyo kwenye skrini, kwa Kiswahili, mstari mmoja: simu imepunguza kasi kwa sababu ya joto, iweke kivulini. Ujumbe huo hauhitaji chipu ya ghali. Kijana wa bodaboda akiusoma ataitoa simu kwenye jua badala ya kukopa ili anunue nyingine.

Vijana wetu mnaosoma kuandika programu, mkinakili faili la mwenzenu, someni mstari wa bendera kabla ya kuupeleka mbele, na msichokielewa mkifute au mkiulizie.

Na wewe msikilizaji unayekwenda sokoni kununua simu, hasa ya mkono wa pili: kabla hujatoa pesa, ifungue mipangilio, nenda kwenye betri, mwambie muuzaji akuonyeshe kilichowashwa na kilichozimwa, na akueleze kila kimoja kinafanya nini. Akishindwa kueleza, nenda kibanda kinachofuata.